Siti ya baiskeli isiyo na pua: maoni ya mzee aliyekwanguliwa tezi dume

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayoulizwa kwanza: shilingi 65,000. Ilinunuliwa Kariakoo na mpwa wangu, ikaletwa Tanga kwa basi. Siti ya kawaida yenye springi, ile inayofungwa kwenye kila baiskeli ya Phoenix ya mji huu, kwa fundi wetu hapa Makorora haizidi elfu kumi na tano. Kwa hiyo hii ni ghali, tena ghali haswa, na mtu mwenye afya yake simshauri ahangaike kuitafuta. Nawaandikia wanaume wenzangu waliopitia upasuaji wa tezi dume, ambao baiskeli yao imeegemea ukuta na hawajui waisogelee au waiuze.

Siti yenyewe iko hivi. Ile sehemu nyembamba ya mbele, inayopita katikati ya mapaja, haipo kabisa. Kuna vipande viwili tu vya kukalia, kila tako na chake, vimefungwa juu ya bamba la chuma, na kati yao pana uwazi wa kupitisha vidole vitatu. Chini ya kila kipande mna bolti mbili. Ukizilegeza unaweza kuvikaribisha au kuviachanisha. Juu ni plastiki nyeusi ya mfano wa ngozi, ndani ni sponji ngumu. Springi haina. Fundi aliipokea, akaigeuza juu chini, akanirudishia: "Mzee wangu, hii mbona ni ndala mbili?"

Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kamba za mkonge mpaka nilipostaafu. Gari sijawahi kuwa nalo na sikulitamani. Tanga ni mji tambarare, barabara zake zimenyooka, na baiskeli inakufikisha kokote: kazini, sokoni Mgandini, msibani, msikitini Ijumaa. Nilipoambiwa nikae bila baiskeli niliona kama nimeambiwa nikae bila miguu, na hela za bajaji kila siku zikaanza kuonekana kwenye kibubu cha mke wangu.

Tezi ilinianza kama inavyowaanza wengi. Unaamka usiku mara kwa mara, unasimama chooni ukisubiri, mkojo unatoka kwa kudondoka, ukirudi kitandani unahisi bado umo. Mwishowe ukaziba kabisa, nikawekewa mpira wa kutolea mkojo, na nikawa nautembeza mpira ule ndani ya suruali mpaka siku ya kufanyiwa. Ultrasaundi ilionyesha tezi ya gramu 62, wakati ya kijana huwa kama gramu 20. Nilifanyiwa ule upasuaji wa kupitia njia ya mkojo, madaktari wanauita TURP. Wanaingiza chombo chembamba chenye kamera na waya wa umeme, wanaikwangua tezi kwa ndani kipande baada ya kipande, na nje hukuti hata mshono mmoja. Vinyama vilivyokwanguliwa vilipelekwa maabara, majibu yakarudi safi, alhamdulillahi.

Sasa huko kukosa mshono ndiko kunakowaponza watu. Mpira ukishatolewa, mtu anajitazama, haoni kidonda, anajiona mzima. Kumbe ndani pale palipokwanguliwa ni pabichi, na kupona panataka wiki sita hadi nane. Tena katikati ya hapo, aghalabu kwenye wiki ya pili, kigaga hubanduka na mkojo hurudi kuwa mwekundu siku moja mbili. Daktari alikuwa ameshanieleza, kwa hiyo uliponijia sikuitisha kikao cha familia. Nikanywa maji kwa wingi, ukatakata. Baiskeli alinikataza wiki sita, pamoja na kunyanyua ndoo na kujikamua chooni, na hata hizo sita zikiisha nipite kwake kwanza aniangalie. Nilipita.

Aliyetolewa tezi nzima kwa ajili ya saratani asinifuate mimi. Huyo kibofu chake kimeshonwa upya na njia ya mkojo, mshono uko ndani karibu na pale pale anapokalia, na muda wake wa kungoja ni mrefu kuliko wangu. Daktari aliyempasua ndiye mwenye neno, si mzee wa Makorora.

Turudi kwenye siti. Ukikaa kwenye kigoda unakalia mifupa miwili ya matako, na Mwenyezi Mungu ameiumba ibebe uzito. Ukikaa kwenye siti nyembamba yenye pua, uzito mwingi unahamia kwenye msamba, hapo kati ya korodani na tundu la nyuma. Msambani hapo panapita njia ya mkojo, panapita mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda uumeni, na tezi dume yenyewe iko juu yake kidogo. Ndiyo maana hata kijana mwenye afya akiendesha mpaka Pongwe hupata ganzi kule chini, akishuka anasimama kando ya barabara anajifanya anakagua cheni. Sote tumeshakagua cheni hiyo.

Binti yangu ni muuguzi, na ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili lilishapimwa. Marekani kuna polisi wanaofanya doria kwa baiskeli. Taasisi ya huko inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, iliwapa askari 90 siti zisizo na pua wazitumie kwa miezi sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mgandamizo kwenye msamba ulipungua kwa asilimia 66. Kabla ya hapo waliosema hawapati ganzi walikuwa asilimia 27. Baada ya miezi sita walikuwa asilimia 82. Kati ya wote 90, waliorudia siti zao za zamani walikuwa watatu. Mwaka 2009 taasisi hiyo ikatoa waraka wa kuzipendekeza siti hizi kwa wanaoendesha baiskeli kikazi. Askari wale hawakuwa wagonjwa wa tezi, kwa hiyo siwezi kuzichukua hesabu zao nikazivaa kama zangu. Lakini nilichokuwa nakitafuta ni kitu cha kuondoa mzigo msambani, na hicho kilikuwa kimeshapimwa kwa namba.

Jirani yangu, Mungu amlipe kwa nia njema, alinisihi niachane na mambo ya Kariakoo, ninunue tu kava la jeli, niivalishe siti yangu ya zamani. Nilimkatalia kwa hoja ya kifundi. Kitu laini ukikikalia, mifupa inazama, na pale katikati pasipo na mfupa kinainuka kujaza nafasi. Maana yake kinakwenda kusukuma palepale unapotaka pasiguswe. Kava laini linapendeza ukilibonyeza kwa kidole gumba dukani. Mtu mwenye kilo zake akikaa juu, habari inabadilika. Siti niliyonunua ni ngumu, na ugumu wake siulalamikii. Kinachofanya kazi ni ule uwazi wa kati na upana unaofuata mifupa yako.

Na upana huo lazima ujipime. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani. Mimi nilikata boksi la tambi. Liweke juu ya stuli ya mbao iliyo tambarare, likalie ukiwa na nguo nyepesi, inama mbele kiasi kama umeshika usukani, nyanyua visigino, tulia kama dakika moja, kisha inuka bila kujiburuta. Boksi litabaki na mabonde mawili. Kama macho hayayaoni, kiganja kitayahisi. Tia alama ya kalamu katikati ya kila bonde, pima kutoka alama hadi alama. Yangu ni sentimita 12. Mke wangu alinikuta hapo, nimevaa kikoi na miwani, nimekalia boksi la tambi, akauliza kama nimeanza kutaga.

Sentimita hizo 12 ndizo nilizoweka kati ya kitovu cha kipande kimoja na kitovu cha kingine. Siti ilikuja kutoka kiwandani ikiwa imetanuliwa zaidi ya hapo, na ningeifunga vile ningekuwa nakalia kingo za ndani, ambazo ni kali. Nina hakika wapo walioitupa siti ya namna hii kwa sababu hiyo tu. Karatasi ya maelezo iliyokuja nayo ni ya Kichina mwanzo mwisho, nilisoma michoro. Bolti moja haikuwemo kwenye mfuko, na mpwa wangu alipopiga simu dukani aliambiwa mali ikishatoka imetoka. Bolti tuliipata hapahapa kwa shilingi mia tano.

Kuifunga kwenye baiskeli kulitutoa jasho. Siti za Phoenix zinashikwa na klampu inayokuja na siti yenyewe, inakaba bomba la siti kwa nati mbili, moja kila upande. Hii mpya ina reli mbili za milimita 7 kama siti za baiskeli za gia, na haikuja na klampu. Klampu yangu ya zamani ilitengenezwa kwa waya nene za siti ya springi, reli mpya zikawa zinacheza ndani yake. Fundi akataka kukata kopo la maziwa ajazie kwa bati. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hapo ndipo ninapokaa mimi." Akacheka, akapekua debe lake la vyuma mpaka chini, akatoka na klampu iliyotoka kwenye mtumba wa Kijapani, ina mifereji ya mviringo sawasawa na reli. Elfu tatu. Meno yake yalikuwa yamelika kutu. Tukaisugua kwa msasa na mafuta ya taa, tukakaza kwa spana namba 13, nikaning'inia juu yake kwa mikono yote miwili. Haikutikisika. Kazi yake nzima alinitoza elfu tano, na nusu ya muda huo aliutumia kuwaeleza wapita njia kile kilikuwa kitu gani.

Kuhusu kuinamisha: nililaza ubao mfupi juu ya vipande vyote viwili, na juu ya ubao nikaweka pimamaji. Sawa kabisa ndiyo iliyonifaa. Tulipojaribu kuishusha mbele kwa jino moja la klampu, nikawa nateleza, na kwa kuwa hakuna pua ya kukuzuia, mwili wote unabebwa na viganja. Ukiinua mbele, kingo zinakata mapaja. Bomba la siti tuliliteremsha kwa upana wa kidole na siti tukaisogeza nyuma mpaka karibu na mwisho wa reli, kisha tukaupandisha usukani ili nikae wima. Hapa mwenye baiskeli ya breki za fimbo asikilize vizuri: ukiupandisha usukani, fimbo ya breki ya mbele inavutwa juu nayo, na breki inaanza kushika rimu yenyewe. Lazima fimbo ilegezwe na kupangwa upya. Fundi akikuachia bila kugusa fimbo, usimlipe kwanza.

Nilianza asubuhi baada ya swala, bodaboda bado hazijaamka, kwenye lami ya kuelekea Raskazone. Polepole. Msamba ulikuwa kimya, na hilo ndilo neno linalofaa, kimya. Hakuna kilichokuwa kinaugusa. Matako yaliuma, tena mahali papya, palepale penye mifupa, kwa sababu miaka yote uzito ulikuwa haujakaa hapo. Maumivu hayo ni ya nyama isiyozoea, yalinipungukia kadiri nilivyoendelea. Ganzi niliyokuwa naipata zamani nikifika Chumbageni sijaipata tena.

Kila nikirudi niliutazama mkojo kabla ya kumwaga maji. Ndiyo sheria niliyopewa: ukiona wekundu, baiskeli irudi ukutani, kunywa maji, ngoja siku kadhaa mpaka utakate. Ukiona mabonge ya damu, au mkojo umekwama, au una homa, usingoje kuche, nenda hospitali. Maji nasisitiza kwa sababu najua wazee wenzangu wanavyofanya: mtu anavuja kidogo baada ya upasuaji, anaona haya, anaacha kunywa maji ili asilowe, halafu anaendesha baiskeli kwenye jua la Tanga. Mkojo unakuwa mzito na unachoma. Kuvuja kupo miezi ya mwanzo na mara nyingi kunapungua. Binti yangu alinifundisha kubana ile misuli unayozuilia mkojo, kubana na kuachia, hata ukiwa umekaa barazani na wenzako na hakuna anayejua. Siku za mwanzo nilivaa pedi ndani. Siti hii ukiipangusa kwa kitambaa chenye sabuni inatakata, na hilo nalo ni sifa yake ambayo muuza duka hatakutajia.

Kuna jingine ambalo baiskeli inasingiziwa. Baada ya TURP, wengi wetu manii hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Nilielezwa kabla ya kutia saini. Hilo ni la upasuaji, siti haihusiki, na mtu asije akauza baiskeli kwa ajili yake.

Sasa kasoro, na zipo.

Pua ya siti, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na kazi. Ulikuwa unaibana kwa mapaja ukikata kona, na ukiachia mkono mmoja baiskeli inabaki imenyooka. Bila pua baiskeli inayumba chini yako, hasa ukienda polepole. Kwetu hapa huendeshi hatua mia bila kuamkiwa. "Shikamoo mzee!" inatoka barazani, nawe ulizoea kuinua mkono. Nikiinua mkono sasa usukani unakwenda zake. Kwa hiyo naitikia marahaba kwa kichwa, na nasikia kuna waliosema nimekuwa na maringo tangu nitoke hospitali. Kugeuka kuangalia gari la nyuma nako kunataka mazoezi. Kwenye barabara yenye malori mimi nashuka, nasukuma.

Mzigo kwenye keria sahau. Nilijaribu nazi, si nyingi, na nyuma palipoyumba nilikosa pa kujishikiza. Mtu anayejitafutia riziki kwa kubeba magunia ya mkaa au madumu ya maji kwa baiskeli, siti hii haimfai, na kwa kweli baada ya upasuaji wa tezi mzigo wenyewe ndio wa kuuliza daktari kabla ya siti.

Kwa kuwa haina springi, kila shimo linafika kwenye mifupa. Njia ya Sahare kwenda kununua samaki ina vipande vya udongo, mvua ikipita vinakuwa mawimbi. Unatakiwa kusimama kwenye pedeli kabla ya shimo, na ukitaka kukaa tena huioni siti kwa mapaja kama zamani; unarudi kwa kupapasa. Nilipunguza upepo kidogo kwenye tairi la nyuma, ikasaidia. Anayekaa Pongwe au Mabokweni na njia yake ni ya vumbi tupu, afikirie mara mbili.

Kanzu ni tatizo ambalo Wachina hawakulifikiria. Kitambaa kinaingia kwenye ule uwazi, ukikaa kinabanwa kati ya kipande na bamba, ukishuka kinakuvuta nyuma mbele ya watu wa msikiti mzima. Nimeshonewa kava la kitambaa kizito lililonyooshwa juu ya vipande vyote viwili, lakini nikamwambia fundi cherehani aache tundu katikati, maana likifunikwa kote na kukazwa linarudisha mgandamizo pale pale. Kava hilo limesaidia pia kwenye joto: plastiki nyeusi iliyoachwa nje ya msikiti mchana huwezi kuikalia.

Na kutu. Bolti zilizokuja nayo ni za chuma cha hovyo, na hewa ya bahari hapa haina subira. Hata msimu haujageuka zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, na siti ikaanza kulia kwii kwii kila nikikanyaga pedeli. Nimezibadilisha zote kwa bolti zisizoshika kutu, nikapaka grisi kwenye reli, kelele ikakoma. Mtu wa Dodoma labda hili halimhusu.

Kupanda na kushuka hakutegemei siti, ila nalitaja kwa sababu ndiko kunakoumiza. Kurusha mguu juu ya keria kama tulivyofanya ujanani kunaunyoosha msamba ghafla. Ilaze baiskeli ubavuni, vuka bomba la kati, kisha iinue uipande. Au ufanye kama mimi: miezi ya kwanza nilibadilishana na mke wangu, nikachukua baiskeli yake ya kike isiyo na bomba la juu, nikaihamishia siti. Vijana wa kijiweni walicheka. Mmoja wao baba yake amelazwa na mpira juzi, na ameshanifuata kuuliza siti nilinunua duka gani.

Daktari aliniongezea moja nilipomwambia nimerudi barabarani: nikikaribia siku ya kutoa damu ya kipimo cha PSA, kile cha kuchunguza tezi dume, niache baiskeli siku mbili kabla, kwa sababu kuendesha kunaweza kukipandisha kipimo hicho na kumtia mtu hofu bila sababu.

Je, thamani yake ni shilingi 65,000? Kwangu ndiyo. Ukiongeza klampu, bolti, kava na fundi inakaribia elfu themanini, na bado ni nafuu kuliko bajaji. Lakini ninaipima kwa matumizi yangu: lami, mwendo wa mzee, safari za mjini, mgongo wima, keria tupu au kikapu chepesi. Kwa matumizi hayo imenirudisha Raskazone. Ingekuja na springi na bolti za maana nisingekuwa na la kulalamika. Mwenye baiskeli ya kukimbilia, anayeinama mbele usukani ukiwa chini, hii ya vipande viwili sidhani itamfaa. Kuna zile ndefu zenye mfereji katikati na pua fupi iliyopasuka, nimeziona kwenye baiskeli za wazungu wanaopita kwenda Pangani, na bei zake ni habari nyingine.

Ukienda kuinunua, usiibonyeze kwa kidole. Nenda na kipimo chako cha boksi, mwambie muuzaji aivute mpaka ifike upana huo mbele yako, kwa sababu nyingine zimefungwa moja kwa moja na hazisogei ingawa kwa macho zinafanana. Hesabu bolti kabla ya kulipa. Na uliza klampu ya reli za milimita 7 papo hapo, ukiambiwa "utaipata tu huko kwenu", jua utaitafuta.